Sahihi ya Oktoba

Mjukuu wangu,

Ulipokuja likizo ulinionyesha kwenye simu picha za wenzako wakiandamana, matawi ya miti mikononi, filimbi midomoni. Nikacheka, ukanuna. Sikuwacheka ninyi. Filimbi zile nilizisikia karibu miaka thelathini iliyopita, na baadhi ya waliozipuliza hawakuwa hata na nauli ya kurudia kwao. Basi nimeona nikuandikie, nawe uwasomee walimu wanagenzi wenzako wa Sekondari ya Msingi.

Mimi nilishika chaki wakati wa Nyayo, utawala wa Rais Moi. Vijana mnausikia utawala ule katika hadithi za vyumba vya mateso pale Nyayo House, na ni kweli vilikuwapo. Lakini kwa mfanyakazi wa kawaida uimla haukuwa kiboko tu. Mwaka 1980 serikali ilifuta chama cha watumishi wake, na cha wahadhiri wa vyuo vikuu kikafutwa vilevile. Cha wahadhiri hakikusajiliwa tena hadi 2003. Vyama vilivyoachwa viliachwa kwa masharti. Tangu COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, iundwe mwaka 1965, Rais ndiye aliyepelekewa majina matatu achague Katibu Mkuu, na mwishoni mwa miaka ya 1980 shirikisho lile lote likajiunga na KANU, chama tawala. Mtetezi wako akawa mwanachama wa chama cha mwajiri wako. Hebu lifikirie hilo.

Tena kuna jambo ambalo halizungumzwi sana kwa sababu halina damu: ada ya chama. Mzee aliyenipokea kazini alinihadithia jinsi mweka hazina alivyokuwa akija shuleni kwa baiskeli, anakaa chini ya mwembe na daftari lake, anadai shilingi. Kila aliyetoa shilingi alitoa na swali. Pesa za mwezi uliopita zilikwenda wapi? Yule mwenzetu aliyehamishwa mmemfanyia nini? Mweka hazina aliondoka jua likizama, koo limemkauka. Baadaye ada ikawa inakatwa juu kwa juu, kabla mshahara haujatufikia. Tulishukuru, usumbufu umekwisha. Na chini ya mwembe hakuja tena mtu.

Sasa Oktoba 1997. Mwaka wa uchaguzi, na walimu wa nchi nzima tukagoma. Mimi nilikuwa mwakilishi wa shule tatu huku Kwale, nazunguka kutwa kuhakikisha hakuna anayeingia darasani kwa mlango wa nyuma. Siku ya nne walikuja askari tawala wawili na daftari, wakataka majina ya waliogoma. Mwalimu mmoja mama, mwembamba kuliko wewe, akawaambia: andikeni wote, mkimaliza mtuachie hilo daftari, letu la mahudhurio limejaa. Mwenye duka alitukopesha unga, deni akaliandika nyuma ya boksi la sigara. Hata wiki mbili hazikutimia, serikali ikatia sahihi: nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, kwa awamu, ndani ya miaka mitano. Tulibebana mabegani.

Desemba watu wakapiga kura, utawala ukarudi madarakani. Awamu ya kwanza ililipwa. Iliyofuata haikulipwa, tukaambiwa hazina haina kitu. Oktoba 1998 tukagoma tena, safari hii hakuna uchaguzi mbele, na hakuna aliyekuwa na haraka na sisi. Tukarudi madarasani mikono mitupu. Yule mwenye duka alinionyesha boksi lake la sigara bila kusema neno.

Nakala ya makubaliano yale ninayo hadi leo, ndani ya bahasha ya kaki, imeanza kuliwa na mende. Nikiisoma naona aibu. Siku ile tuliulizana mwalimu wa ngazi fulani atapata kiasi gani, hata wengine tukapiga hesabu kwa kijiti mchangani. Hakuna aliyeuliza: wasipolipa, tunawafanya nini, wapi, mbele ya nani?

Huo ulikuwa ujinga wa wakati wa dhiki, na naweza kuusamehe. Usiosameheka ulikuja baadaye.

Desemba 2002 KANU ilianguka. Nililia mbele ya redio, mtu mzima na ndevu zangu. Januari wafanyakazi wa viwanda vya nguo za kuuzwa nje, vya EPZ kule Athi River, waligoma, wakiamini kwamba nchi mpya imewafikia na wao. Wengi waliachishwa kazi. Mimi nilisoma habari zile gazetini nikakunja gazeti. Darasa langu la kwanza lilikuwa limejaa watoto wa elimu ya bure mpaka wengine wanaandikia magotini, na serikali mpya ilikuwa imekubali kumaliza deni la 1997. Awamu ilipoingia nilinunua mabati. Jumamosi za mikutano ya tawi nikaanza kwenda kwenye mikorosho yangu. Nilijiambia nchi sasa ni yetu na viongozi ni wetu, tuwaache wafanye kazi. Uchaguzi wa tawi uliofuata, karibu kila kiti kilipita bila kupingwa. Ukumbini tulikuwa watu kumi na mmoja, na mimi nilikuwa nimekuja kufuata soda.

Ninyi mna Katiba ya 2010, na kifungu cha 41 kinampa mfanyakazi haki ya kugoma. Sisi tungeuza mbuzi kukipata. Lakini watazameni madaktari. Mwaka 2013 walitiliwa sahihi mkataba wao, haukutekelezwa, wakaingia mgomo Desemba 2016 na kukaa nje siku 100. Februari 2017 viongozi wao saba walipelekwa jela kwa kudharau mahakama, chini ya Katiba hiyo hiyo. Walipatana. Mwaka 2024 wakagoma tena siku 56, na mojawapo ya sababu ni madaktari wanagenzi: mkataba wa 2017 ulisema Sh206,000 kwa mwezi, serikali ikawaambia Sh70,000. Kanzu zimebadilika, mjukuu wangu, na bahasha ya kaki iko palepale.

Na ile ada niliyokwambia haina damu, itazame ilivyofanya. Mwaka 2019, katika mzozo wa KNUT, chama chetu cha walimu, na mwajiri wa walimu kuhusu kupandishwa vyeo, uamuzi wa mahakama ulitumiwa na mwajiri kuwapa nyongeza wasio wanachama pekee. Walimu wakajiondoa kwa maelfu, wakaondoka na ada zao. Chama kilichokuwa na zaidi ya watu laki moja na nusu kikabaki, katika miaka miwili, na chini ya 50,000, ofisi nyingine hata kodi ikazishinda. Wapo wanaowalaumu walimu waliohama. Mimi siwalaumu sana. Mwenye watoto shuleni hali uaminifu. Lakini kama viongozi wangekuwa wamezoea kukaa chini ya mwembe, wangejua wanachama wao wamekonda kiasi gani kabla ya kupigana vita vile, na wanachama wangejua vita ni vya nini.

Sasa ninyi. Mnalipwa Sh20,000 kabla ya makato, mnafundisha masomo manne, matano. Aprili 2024 mahakama ya kazi ilisema mpango wa uanagenzi hauendani na sheria. Wenzenu 46,000 waliotangulia wakaahidiwa ajira ya kudumu, na viti vyao kabla havijapoa mkaitwa ninyi, wanagenzi wapya, kwa Sh20,000 zile zile. Mtagoma, najua, na mkigoma nitawaletea maji. Ila siku kiongozi wenu atakapotoka mkutanoni ameinua karatasi juu, msimbebe. Mwambieni aketi, aisome yote, mpaka tarehe, mpaka jina la ofisi itakayolipa, mpaka lile sharti la kurudi kazini ambalo siku zote huandikwa mwishoni, wakati watu wamechoka na njaa inauma.

Na kabla ya mgomo wowote, kuna uchaguzi wa tawi lenu. Umeniambia ni mwezi ujao, Jumamosi, nawe una harusi ya rafiki yako Mombasa. Harusi ina video. Nenda uchaguzini, wachukue na wale wenzako wa picha, na yeyote atakayetaka kupita bila kupingwa, simama umpinge.