Mpeni Mji: Nasaha kwa Mjuzi wa Nyumbani

Ewe mjuzi wa nyumba yenu, usikalie kiti cha katikati. Naanza na hilo kwa sababu mimi nilikikalia. Nilifundisha jiografia hadi nikastaafu, nikarudi kwetu Ikonge, huku Gusii, kwenye majani yangu ya chai, na Desemba moja watoto na wajukuu walipofika kutoka Nairobi tukaanza kuulizana maswali baada ya chakula cha jioni. Usiku wa kwanza nilishinda. Wa pili nikashinda. Wa tatu nilishinda, kisha nikamweleza kila mmoja alikokosea. Usiku wa nne nilipanga kadi mezani, nikangoja. Kicheko kilikuwa jikoni, walikoketi na nyanya yao kando ya moto, na hakuna aliyekuja sebuleni.

Usikimbilie kushindwa makusudi. Mimi nilikimbilia huko. Kesho yake niliulizwa ni nani aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, nikakuna kichwa na kusema sikumbuki. Mgusii mzima, tena mwalimu, asimkumbuke Mgusii mwenzake Naftali Temu na mita zake 10,000 za Mexico mwaka 1968! Mjukuu wangu wa miaka tisa alinitazama kwa huruma, akasema, "Babu, wacha." Kumwachia mtu ushindi kwa siri ni kumwambia hawezi. Ukitaka kupunguza nguvu zako, zipunguze hadharani, kwa masharti yaliyokubaliwa kabla ya swali la kwanza, halafu cheza kwa zote zilizobaki. Wachezaji wa Go huko Japani hufanya hivyo bila kuona haya: aliye dhaifu hutanguliza mawe ubaoni, hata tisa, na aliye hodari huanza akiwa nyuma na kutokwa jasho.

Sisi tulikubaliana hivi. Familia nzima ni upande mmoja, mimi ni upande wa pili. Wao wanasomewa majibu matatu wachague, na wana dakika nzima ya kushauriana. Mimi nasomewa swali tupu, na neno la kwanza kunitoka kinywani ndilo jibu, hata kama nimejikwaa. Saa anaishika mtu mwingine. Simu zote, na yangu ikiwemo, zinalala kwenye sinia juu ya kabati.

Sasa nivumilie kidogo, maana hesabu ifuatayo ndiyo iliyonishusha kitini. Chukua watu watano, kila mmoja akijua majibu 3 tu kati ya 10. Mmoja mmoja ni wanyonge. Lakini kama kila mmoja ana yake anayoyajua, bila kufuata ya mwenzake, uwezekano wa wote watano kukosa jibu ni 0.7 ikizidishwa yenyewe mara tano, yaani kama 17 kwa 100. Maana yake, katika maswali 100, yapo kama 83 ambayo jibu lake limekaa pale pale sebuleni, kichwani mwa mtu fulani. Mimi, nikijipima bila majivuno, napata kama 80. Familia yangu ilikuwa imenifikia tangu usiku wa kwanza. Ilishindwa kwa sababu aliyejua hakusema.

Na kwa nini hakusema? Kwetu kuna chinsoni, ile haya ya heshima iliyowekwa kati ya kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto: baba mkwe na mkaza mwana, baba na mwanawe aliyekua. Mke wa mwanangu ni muuguzi. Likija swali la ugonjwa analijua kunishinda, ila hataliweka jibu lake juu ya langu. Watoto nao tumewalea kwa amri. Robert LeVine, Mmarekani aliyeanza kutafiti maisha ya Wagusii miaka ya 1950, pamoja na wenzake, waliwalinganisha mama zetu na mama wa Boston, wakaona kuwa wa kule humwuliza mtoto na wa huku humwagiza. Simlaumu mama yangu. Kulikuwa na ng'ombe wa kuchungwa na maji ya kuchotwa. Lakini mtoto aliyeagizwa tangu ajue kutembea, ukimgeukia ghafla usiku mmoja na kumwambia "Haya, jibu!", usishangae akiinamisha kichwa.

Kwa hiyo usiivunje chinsoni kwa ajili ya mchezo. Izunguke. Nyanya na mjukuu wanataniana watakavyo, mila imewaruhusu. Mketishe mjukuu ubavuni mwa nyanya. Mkaza mwana amnong'oneze mtoto, mtoto amnong'oneze nyanya, na nyanya ndiye atangaze jibu la familia. Jibu la muuguzi sasa hunifikia likiwa limepita masikio mawili, na hakuna aliyempinga mkwewe. Tena, wanaposhauriana, aanze mdogo kuliko wote. Akianza mkubwa, wengine watatikisa vichwa na hesabu yangu itakufa hapo.

Kuhusu maswali yenyewe, usiyatoe kwenye boksi. Trivial Pursuit, mchezo waliobuni Wakanada wawili, Chris Haney na Scott Abbott, mwaka 1979, una mafungu sita ya maswali, na hilo la kugawa mafungu ni wazo jema. Kadi zenyewe zilituuliza kuhusu waigizaji ambao hata mimi sikuwahi kuwaona. Tulibakiza mafungu sita, tukabadilisha yaliyomo: ukoo, shamba na jikoni, njia na masoko, michezo, muziki wa vijana, na ulimwengu. Kila mtu anaandika maswali ya kile akijuacho, na aliyeandika hunyamaza swali lake likisomwa. Nilijua nimekwisha siku shangazi aliyeolewa Tabaka alipoandika matano kuhusu kuchonga jiwe la sabuni.

Angalia lugha pia. Kwa Ekegusii mama ni baba, na baba ni tata. Mkaza mwana wetu mwingine ni wa Mombasa, na swali lake lililouliza "Baba alizaliwa wapi?" lilitula nusu saa. Na swali lenye ugomvi lichanwe mapema. Ukiuliza ni nani aliyemchoma mkuki Northcote, mtawala wa Kiingereza, mwaka 1908, jibu ni Otenyo, tunaendelea. Ukiuliza kichwa cha Otenyo, kinachosemekana kilikatwa, kiko wapi, chai itapoa na wazee hawatarudi makwao.

Ukishinda, usieleze. Hili lilinichukua miaka miwili. Tulikopa adabu ya vitendawili, ambako walioshindwa humpa mji aliyetega, naye hulipia mji huo kwa kisa kabla ya kutoa jibu: nilikwenda Malindi, nikala hiki, nikaona kile. Nami hupewa mji, nasimulia safari fupi ya uongo, natia jibu ndani yake, nanyamaza. Mafunzo yangu yote ya mlima na mvua huingia humo bila mtu kusinzia.

Desemba iliyopita, fungu la shamba, mjukuu yule yule alisoma: "Kutoka lango letu hadi kwenye mparachichi, kuna mistari mingapi ya chai?" Napita pale kila asubuhi. Nilisema kumi na miwili. Ni kumi na tisa. Alikuwa ameihesabu mara mbili, akaenda kuionyesha kwa tochi. Wakapiga kelele niwape mji. Nikawapa Mombasa, wakakataa, walishanipa wao huo. Nikawapa Nakuru, wakakataa. Nikawapa Ikonge. Mtoto akapanda kile kiti cha katikati, akakohoa kama mimi, akaanza: "Nilikwenda Ikonge, nikamkuta mwalimu mmoja..."