Subira na Shokomzoba

Siku nilipolaza mgongo chini ya pikapu yangu hapa Kakamega, gogo la mkaratusi likiwa chini ya ekseli kwa kuwa sikutaka kuiamini jeki peke yake, sikuwa na nia ya kutafakari jambo lolote la dini. Nilitaka tu kuzifungua shokomzoba mbili za nyuma, ambazo nati zake zilizoshikwa na kutu nilikuwa nimezimwagia dizeli tangu usiku.

Wengi hudhani kuwa shokomzoba ndiyo ibebayo mzigo, na sivyo, kwani mzigo hubebwa na springi, na kazi ya shokomzoba ni kuituliza springi iliyokwisha kupigwa isiendelee kurukaruka: pistoni husukuma mafuta yapite katika vitundu vyembamba, nayo nguvu ya pigo, isiyoweza kupotea bure, hugeuka harara. Ndiyo maana fundi, gari litokapo katika njia mbovu za mashamba ya miwa, huzigusa kwa kiganja; iliyo nzima huwa na moto, na iliyokufa, mafuta yake yamevuja yakashikana na vumbi ubavuni, huwa baridi. Juzi yake nilifanya vivyo hivyo, na ya kushoto niliikuta baridi.

Nilipokwisha kuifungua, nilikaa nayo mkononi kitambo, nikiisukuma na kuivuta, ikienda na kurudi bila ya ukinzani wowote, na moyo ukanirejesha Mumias, siku tulipomzika mama, niliposimama kaburini bila ya chozi na watu wakanipa mkono wakiisifu subira yangu. Je, ile ilikuwa subira? Mtume (S.A.W.) alimlilia mwanawe Ibrahimu, naye ndiye aliyetufunza kusubiri, huzuni yake ilikuwa na mahali pa kupita, na yangu haikupata, hata kwa miezi nikawa naruka kwa kila neno dogo la nyumbani. Naona tumekosea sana, sisi tunaomsifu mtu kwa ukavu wa macho.

Nilifunga mpya zote mbili, maana hazibadilishwi moja moja, nikazikaza nati kwa mara ya mwisho gari lilipokwisha kusimama kwa uzito wake ili mipira isijipinde, kisha nikapita njia za ndani zenye mashimo hadi Ilesi, penye lile Jiwe Linalolia, ambalo maji hulitiririka toka kichwani mfano wa mwenye msiba. Nikaegesha, nikaingiza mkono nyuma ya gurudumu. Zote mbili zilikuwa na moto. Nikaketi kando ya barabara, nikamlilia mama.