Je, Ni Haki Kumfuga Golden Retriever?

Hapa Kampala wengi wanaofuga mbwa humfuga kwa ajili ya ulinzi. Mchana hufungiwa bandani, usiku hufunguliwa abweke. Mjomba wangu anataka kitu tofauti: kuwanunulia watoto wake Golden Retriever, mbwa wa kupendwa. Aliponiomba ushauri, niliona swali lake si la bei tu, bali la maadili.

Tuanze na faida. Mbwa huyu asili yake ni Uskoti, ambako Lord Tweedmouth alianza kumzalisha mwaka 1868 ili awaokotee wawindaji ndege waliopigwa risasi na kuwaleta bila kuwararua. Kwa hiyo alichaguliwa kwa upole na utiifu. Hufundishika haraka, huelewana na watoto, na katika nchi nyingi huwaongoza watu wasioona. Aidha, mtoto anayemlisha na kumsafisha mnyama hujifunza kuwajibika.

Hasara nazo zipo. Manyoya yake ni ya tabaka mbili na hudondoka kila mahali. Dume aliyekomaa hufikia kilo 30 au zaidi, hivyo chakula chake si cha mabaki tu. Anahitaji mazoezi kila siku, chanjo ya kichaa cha mbwa na daktari wa mifugo, kwani husumbuliwa sana na maradhi ya nyonga na saratani. Kwa ulinzi hafai: mwizi huenda akapokewa kwa kutikisiwa mkia.

Hata hivyo, hesabu hiyo yote ni ya mwenye mbwa. Mbwa mwenyewe anapata nini? Mwanafalsafa Kant alifundisha kwamba anayewatendea wanyama ukatili hujizoesha kuwa mkatili kwa watu. Bentham alikwenda mbali zaidi: kwake, jambo la msingi ni kama mnyama anaweza kuumia. Mimi naongeza hoja moja. Chui hakuumbwa na sisi na hatuhitaji. Golden Retriever amezalishwa na binadamu, kizazi baada ya kizazi, ili atamani kuwa karibu na watu. Kumtaka kwa sababu ya tabia hiyo, kisha kumfungia peke yake kutwa, ni kumwadhibu kwa kile kile tulichompendea.

Wapo watakaosema: watu wanalala njaa, nasi tunajadili raha ya mbwa? Hoja hii ina uzito, na pesa hizo kweli zingeweza kumlipia mtoto karo. Lakini ni hoja ya kabla ya kununua. Kabla hujanunua, uko huru kukataa. Ukishamleta nyumbani, una deni la miaka 10 hadi 12, na umaskini wa jirani haulifuti.

Kwa maoni yangu, basi, kumfuga ni haki kwa mwenye muda, si kwa mwenye pesa tu. Mjomba na mkewe hutoka alfajiri na kurudi usiku, na watoto wako shule ya bweni. Nilimshauri asimnunue. Binamu zangu wamenuninia, lakini sijabadili msimamo. Wahenga walisema, ukipenda boga penda na ua lake. Asiye na nafasi ya ua, aliache boga shambani.