Ni michoro tu, basi hakuna aliyedhulumiwa?

Kijana mmoja wa chuo, anayehudhuria darsa yangu ya jioni msikitini, aliniuliza swali ambalo siku ile sikulijibu vizuri. Tulikuwa tukizungumzia picha chafu za kwenye simu. Akasema: "Ustadh, hizo za watu naelewa. Lakini zile katuni za Kijapani za watu wazima, hata zile ambamo mwanamke anabakwa, ni michoro tu. Hakuna mtu aliyeumizwa. Sasa dhambi iko wapi?" Nikamjibu haraka kwamba uchi ni uchi, uwe wa mtu au wa kuchorwa. Akatabasamu. "Mbona sehemu za siri zimefichwa, Ustadh."

Ni kweli zimefichwa, na sababu yake inafaa ijulikane. Kifungu cha 175 cha sheria ya jinai ya Japani, sheria ya mwaka 1907, kinakataza kusambaza picha na maandishi machafu. Kwa hiyo watengenezaji hufunika viungo vya siri kwa vimiraba vya ukungu, kisha wanauza. Mchoraji Toshio Maeda, ambaye hadithi yake ya picha Urotsukidōji ilifanywa filamu ya katuni mwaka 1987, ameeleza mwenyewe kwamba alichora mashetani yenye minyiri kama ya pweza ili kuukwepa mkono wa sheria, kwani mnyiri si kiungo cha uzazi. Tazama basi, ndugu msomaji. Mwanamke anakamatwa kwa nguvu, analia, na linaloulizwa ni kama kuna kiungo kilichoonekana. Kilio chake hakimo katika hesabu.

Nilipofika nyumbani nikaona kwamba jibu langu na sheria ile ni kitu kimoja. Mimi nami nilipima uovu kwa kipande cha nguo. Na si mimi peke yangu; sisi walimu na makhatibu tumeshazoea kulikemea vazi, dhulma tukaipita kando.

Haki isemwe: katuni za Kijapani si zote za namna hii. Nyingi ni za watoto na familia, na hizo za watu wazima si zote zenye ubakaji. Wala sidai kwamba kila atazamaye atatoka hapo akabake. Hoja hiyo siihitaji.

Ninalosema ni hili. Katika nyingi ya katuni hizo za ubakaji, mwanamke hukataa mwanzoni, hulia, kisha mwishoni huonekana amefurahia. Huo ni ushahidi wa uongo. Mchoraji ndiye anayemtia mwanamke sauti ya kukataa, na ndiye anayeigeuza sauti hiyo kuwa ya kuridhia. Mwanamke aliye hai angeweza kusimama akasema, "Mwongo huyo, sikutaka." Wa kuchorwa hana ulimi wa kumkanusha aliyemchora. Anayesingiziwa basi ni nani? Ni wanawake kwa jumla, kwamba hapana yao si hapana. Surat Nur inalitaja kosa la kuwasingizia wanawake katika aya ya 4, kabla hata haijafika kwenye aya ya 30, ya wanaume kuinamisha macho. Sisemi kwamba hukumu ya qadhf inaingia hapa, maana hakuna mwanamke aliyetajwa kwa jina. Nasema tu kwamba kusingizia ni dhulma inayosimama yenyewe, hata mahali ambapo hakuna uchi.

Na uongo huu hauelei hewani. Kwa sheria ile ile ya mwaka 1907, ubakaji ulipimwa kwa nguvu au vitisho alivyotumia mwanamume. Aliyeganda kwa hofu asipigane, kesi yake ilikuwa ngumu. Wanawake wa Kijapani walipiga kelele miaka mingi. Sheria ikarekebishwa mwaka 2017, na mwaka 2023 ndipo kosa likaitwa kujamiiana bila ridhaa, na kushtuka au kuogopa hata mtu akashindwa kukataa kukahesabiwa. Miaka 116 kufikia swali jepesi: je, alikubali? Swali hilo ndilo katuni hizo zimelijibu kwa niaba yake kabla hajaulizwa.

Hoja ya kijana wangu inasemwa na wakubwa pia. Mwaka 2014 Japani ilipofanya kumiliki picha za ngono za watoto kuwa kosa la jinai, michoro iliachwa nje. Mmoja wa utetezi ulikuwa huo huo: hakuna mtoto halisi aliyeguswa.

Wiki iliyofuata nilimrudia. Sikumtajia uchi tena. Nilimuuliza kama mwanamke wa kwenye katuni alikubali. Akasema, "Mwanzoni alikataa, baadaye akakubali." Nikamuuliza ni nani aliyemkubalisha. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Aliyemchora."