Linda Wazima Kwanza

Palikuwa na bibi mmoja Tlawi, wilayani Mbulu, aliyesifika kwa kuku wake. Walishinda shambani wakiparura, na baridi ya jioni ilipoanza kushuka wakarudi wenyewe bandani. Mayai yao yalinunua chumvi na sabuni; jogoo akiuzwa mnadani, madaftari ya mjukuu yalipatikana.

Siku moja bibi alirudi kutoka mnadani na tetea aliyemnunua kwa bei ya chini mno. Hakujiuliza kwa nini muuzaji alitaka kumtoa upesi. Akamwingiza bandani pamoja na wenyeji wake.

Siku chache baadaye tetea alijikunyata, mabawa yakalegea, akaharisha kijani. Bibi alimhurumia. Alimweka karibu na meko, akampanua mdomo, akammiminia maji ya pilipili na shubiri. Alipoona hali haibadiliki, alifungua kapsuli ya dawa ya binadamu iliyobaki nyumbani, akamlisha. Kisha, kwa mikono ileile na kopo lilelile, akaenda kuwapa wengine maji.

Tetea alikufa usiku. Haukupita muda, wengine wakaanza kuhema midomo wazi, shingo zimepinda.

"Bibi, chinja wanaosimama bado, uwauze leo," jirani akamshauri.

Akafanya hivyo. Mizoga ya waliokufa ikatupwa korongoni, mbwa wakaiburura hadi kwenye nyua za watu. Ugonjwa ukahamia nyumba kwa nyumba.

Afisa mifugo alipofika, banda lilikuwa tupu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kuku wameniishia," bibi akasema, akamweleza walivyougua.

"Pole sana, bibi. Dalili hizi ni za mdondo. Ungeniita alipougua wa kwanza."

"Nilimwona ni mmoja tu."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomponza. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, huletwa na virusi, na hauna tiba. Dawa ya kuua bakteria haiugusi, na ikitumiwa ovyo huacha mabaki yake katika mayai na nyama. Virusi husafiri kwa kinyesi, mate, viatu, vyombo na mizoga. Kwa hiyo huduma ya kwanza ya ndege mgonjwa huanza kwa kuwalinda wale ambao bado ni wazima.

Mtenge mgonjwa mara moja, mahali pakavu pasipo upepo, penye joto la wastani. Mwekee maji safi anywe mwenyewe; ukimmiminia kwa nguvu, yanaweza kuingia katika njia ya hewa na kumuua kabla ya ugonjwa. Wahudumie wazima kwanza, mgonjwa mwisho, kisha nawa kwa sabuni na usafishe viatu. Usijiguse macho, maana virusi vya mdondo huweza kuyafanya macho ya mtu yawe mekundu. Mpigie afisa mifugo umweleze rangi ya kinyesi, namna ndege anavyohema na siku alipoanza kuugua. Mzoga uchome au uufukie kwa kina. Usimuuze mgonjwa, wala anayeonekana mzima akitoka katika banda lenye ugonjwa.

Mwenye tausi, kanga au bata mzinga asidhani kisa hiki ni cha kuku peke yao. Ndege hawa wa jamii moja nao hupata mdondo, na tausi ana tabia ya kuficha maradhi mpaka azidiwe. Ukimwona ameacha kula au anasinzia mchana, msaada utafutwe siku hiyohiyo.

Kinga ipo, na bei yake ni ndogo kuliko ya banda tupu. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2 hutengenezwa hapa Tanzania na huvumilia joto kuliko chanjo nyingi. Kila ndege hupewa tone moja jichoni, na chanjo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Wachanjwe wangali wazima, kwani chanjo haimponyi aliyekwisha kuugua. Na ndege mgeni akae peke yake kwa wiki mbili au zaidi kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Mfugaji mwenzangu, zungumza na majirani leo, mkubaliane siku ya kuchanja pamoja. Banda moja lisilochanjwa ni hatari kwa kijiji kizima.