Siku ya Yohana na Wale Walingojeao Jua
(Yoh. 3, 22–30)



Mama mmoja wa usharika alinijia na simu mkononi. Mwanawe yuko Uingereza kwa masomo, naye alimpelekea picha: watu wengi wamesimama alfajiri kati ya mawe makubwa, wameinua mikono kuelekea mashariki, wengine wamevaa kanzu nyeupe na taji za majani. Akaniuliza, “Mchungaji, Injili si ilitujia kutoka Ulaya? Mbona sasa wanalisujudia jua? Na mwanangu anafanya nini pale?” Siku ile sikuwa na jibu. Leo nalijibu mbele yenu, kwa ruhusa yake.

Kwanza tulijue jambo lenyewe, maana si vema kuihukumu desturi ya mtu usiyoijua. Mahali pale huitwa Stonehenge. Mawe yale yalisimamishwa yapata miaka 4500 iliyopita, yakapangwa hata katika siku iliyo ndefu kuliko zote za mwaka, karibu na tarehe 21 Juni, jua huchomoza upande wa jiwe moja lililo peke yake nje ya duara. Huko mchana wa siku hiyo hupita saa 16, na mwezi wa Desemba haufiki saa 8. Sisi tukaao karibu na ikweta hatuyajui hayo. Yeye aliyeketi gizani miezi mingi, tusimshangae akilifurahia jua.

Wenye kanzu nyeupe hujiita Wadruidi. Wadruidi wa kale walikuwa makuhani wa Wakelti, nao walitokea karne nyingi baada ya mawe hayo. Hawa wa leo ni wa juzi tu, kwani kundi mojawapo lao lilifanya sherehe yake pale mwaka 1905. Wengine hufuata dini ya Wicca, aliyoitangaza Gerald Gardner baada ya Uingereza kuifuta sheria yake ya uchawi mwaka 1951. Wao huiita sikukuu hiyo Litha. Jina hilo hata Beda, mtawa Mkristo, aliliandika mwaka 725, ila kwake lilikuwa jina la miezi. Kuwa jina la sikukuu kulianza miaka ya 1970. Basi wasemao kwamba yote haya ni ya kale sana hukosea, na wasemao kwamba watu hawa hukutana ili kuwaloga wenzao hukosea zaidi, maana Wicca huwaagiza wafuasi wake wasimdhuru mtu. Tangu mwaka 2000 mahali pale hufunguliwa usiku ule bila malipo, na maelfu hufika. Wengi wao hawaabudu kitu, wamekuja kutazama.

Lakini wale waabuduo kweli, hutafuta nini? Hutaka kushukuru. Huona mavuno, mwanga na joto kuwa zawadi, nao hawataki kuzipokea kimya. Jambo hili halichekwi. Wazee wetu wa Kilimanjaro walitumia neno moja, Ruwa, kwa jua na kwa Mungu pia. Wala wahubiri wa kwanza hawakuling'oa neno hilo, bali walilitakasa, likaingia katika sala. Neno lilibaki, ila wazee wakafundishwa ni nani aliyeliwasha jua. Mose aandika kwamba nuru iliumbwa siku ya kwanza, na jua siku ya nne. Jua ni mtumishi aliyeajiriwa nyuma.

Nabii Ezekieli (sura ya 8) aliwaona watu wapata 25 wakilisujudia jua kuelekea mashariki. Tazameni walikosimama: ndani ya ua wa hekalu, na migongo yao imelielekea hekalu. Hao hawakuwa wageni! Mwenye kugeuza mgongo aweza kuwa ameketi katika kiti cha mbele, naye hulitegemea shamba lake, au mshahara wake, kama wale walivyolitegemea jua. Naogopa kwamba kosa hili ni letu kuliko la kijana yule.

Kanisa la kale liliiweka siku ya kuzaliwa kwa Yohana Mbatizaji tarehe 24 Juni, miezi sita kabla ya Noeli, kama alivyosema malaika kwa Mariamu. Ndugu zetu Walutheri wa Finland huiita juhannus hata leo, yaani siku ya Yohana, nao huwasha mioto kando ya maji. Na baada ya siku hiyo, upande wa kaskazini, mchana huanza kupungua. Augustino alilihubiri jambo hili: Yohana alizaliwa siku zikianza kufupika, na Bwana siku zikianza kurefuka. Wanafunzi wa Yohana walihuzunika kuona watu wakimwacha na kumwendea Yesu, lakini yeye alifurahi kupungua, kama rafiki afurahivyo aisikiapo sauti ya bwana arusi.

Kwa hiyo nilimwambia mama yule: Usimkaripie mwanao. Mwulize aliona nini jua lilipochomoza, na moyo wake ulimshukuru nani. Kisha ungoje jibu lake.

Tarehe 24 Juni tutasoma Luka 1, 57–80, palipo wimbo wa Zakaria juu ya mapambazuko yatokayo mbinguni. Mama ameomba asome yeye.