Kiongozi wa Muchezo: Iko na Haki ya Kugeuza Namba?

Kila mutu mwenye kushika hadisi mbele ya wengine iko na uwezo mukubwa. Muzee kwenye moto, mwalimu mu darasa, mwenye kuongoza baraza: wote wanajua kitu ambacho wasikilizaji hawajakijua bado. Ulizo letu ni hili: ule uwezo unamupa haki ya kugeuza mambo kwa siri, hata kama anafanya kwa wema?

Tuchukue mufano kutoka mbali, juu unaonyesha ulizo hili wazi kabisa. Katika mwaka wa 1974, kule Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa muchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Watu wanne ao watano wanaikaa kwenye meza, na kila mumoja anajivika mutu wa hadisi: askari, mwizi, muganga. Mumoja tu hana mutu wake, ule njo kiongozi. Mbele ya siku ya kucheza anatayarisha: anachora ramani ya inchi, anaweka vijiji, maadui na siri zao. Siku ikifika, wachezaji wanasema wanafanya nini, naye anawaambia kinachotokea. Pale matokeo hayajulikani, wanarusha dadu, kile kidude cha namba sawa cha ludo, ila kimoja chao kiko na pande 20.

Sasa matata. Kiongozi anarusha dadu yake nyuma ya karton. Namba inatoka mbaya: mutu wa hadisi ambaye muchezaji amemuchunga kwa miezi mingi anapashwa kufa. Hakuna mwingine aliyeona. Aseme namba ya kweli, ao aseme ingine?

Wako wanaosema: ageuze, muchezo ni wa furaha. Gygax mwenyewe, katika kitabu cha viongozi kilichotoka mwaka wa 1979, aliwapa ruhusa ya kupita juu ya dadu. Sababu yao si ya bure. Dadu haina akili wala huruma. Mutu njo iko navyo.

Lakini tuangalie pia kwetu. Katika mwaka wa 1956, kwa Wanyanga, Candi Rureke alisimulia hadisi ya Mwindo kwa siku 12, nayo ikaandikwa. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliitoa kitabu mwaka wa 1969. Rureke hakusoma karatasi. Aliimba, alicheza, wenzake wakapiga mudundo, watu wakaitikia na kumupa zawadi. Mwenye hadisi wa namna ile iko na uhuru wa kurefusha hapa na kufupisha pale. Lakini anafanya yote mbele ya macho ya watu wanaojua Mwindo ni nani. Wasikilizaji njo walinzi wa hadisi.

Kiongozi wa meza hana walinzi. Yeye peke yake anajua njia, yeye peke yake anaona dadu. Wenzake wamemupa imani yao bila shahidi, njo maana deni lake ni zito kupita.

Na Mwindo mwenyewe anatufundisha. Kisha kumushinda baba yake Shemwindo, aliua Kirimu, ile nyama ya kutisha, rafiki ya Nkuba, ni kusema radi. Nkuba akamupandisha juu, akateseka kule mwaka muzima, kwa baridi, mvua na jua, mpaka akafahamu kama hata shujaa iko chini ya sheria. Aliporudi, njo akatawala vizuri.

Mwenye kugeuza namba kwa siri anajitoa chini ya sheria ambayo wengine wangali wanaitii. Anaharibu pia kile alichotaka kulinda. Waswahili wanasema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi muchezaji ambaye hawezi tena kushindwa, ushindi wake ni wa nani? Akijua siku moja kama aliokolewa kwa siri, hata siku alizoshinda kweli ataziona kuwa za uongo.

Iko na uongo mwingine, wa kutayarisha kupita kiasi. Kiongozi anapanga mwisho mbele, kisha anawauliza wachezaji: "Munaenda wapi?" Wakienda kushoto ao kuume, wanafika palepale. Sisi Wakongomani tunaijua mikutano ya namna ile: watu wanaitwa kutoa mawazo, na barua imekwisha kusainiwa tangu jana. Kutayarisha ni kufungua njia nyingi, halafu kukubali ile watu watakayochagua, hata kama kazi ya usiku muzima inabaki mu kartable.

Basi huruma haina nafasi? Iko nayo, lakini ifanyike mbele ya dadu. Kama kiongozi hataki mutu afe, asirushe. Aweke mulango wa kukimbilia. Ao waikae wote siku ya kwanza na waseme wazi: kwetu hapa, mutu hakufe bila mwenyewe kukubali. Sheria inayogeuzwa mbele ya wote ingali sheria. Inayogeuzwa nyuma ya karton imekwisha kuwa mapenzi ya mutu mumoja.

Tunaliacha ulizo hili kwa wale wanaoshika hadisi za wengine: wazazi, walimu, wachefu wa groupement, na sisi wenye kuandika mila za wazee ambao hawako tena kutusahihisha. Kila tunapogeuza kitu, tujiulize kama tungekigeuza vilevile watu wote wakituangalia.